Mabeseni ya Vasco da Gama na programu yangu ya samaki

Nimekuwa kimya muda mrefu na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nimejifungia ndani nikitengeneza programu, na mkasa wa programu hiyo ndio ulionifikisha kwenye historia ninayotaka kuwasimulia leo. Wale wanaokuja hapa kutafuta mambo ya hifadhidata na seva wanivumilie kidogo. Leo tunarudi nyuma miaka mia tano na zaidi.

Mkasa wenyewe ni huu. Nilitengeneza programu ya simu ya kuwaonyesha wavuvi wa Malindi bei ya samaki katika masoko ya Malindi, Kilifi na Mombasa, ili mtu ajue pa kuuza kabla hajafika ufukweni. Miezi mitano ya kazi za usiku. Ilifanya kazi hata pasipo na intaneti, na nilikuwa nikijisifu moyoni kwa jambo hilo peke yake. Siku niliyoipeleka kwa wavuvi, mzee mmoja aliitazama kwa adabu zote, akabonyezabonyeza, akanirudishia simu yangu. Akaniambia, "Mwanangu, bei naijua. Lakini nyavu hizi ni za tajiri, na mashine ya chombo ni ya tajiri. Sasa samaki nitamuuzia nani mwingine?"

Basi. Miezi mitano imekwisha kwa sentensi tatu. Kila mtu aliyekuwa pale anajua kwamba anayekukopesha vifaa ndiye anayechukua samaki wako, tena kwa bei yake. Watoto waliokuwa wakicheza mchangani wanajua. Mimi nina shahada ya kompyuta, nimekulia mwendo wa saa moja kutoka pale, na sikumuuliza hata mmoja wao kabla ya kuanza.

Nikatembea kwa miguu hadi kwenye nguzo ya Vasco da Gama, ile nyeupe iliyosimama kwenye mwamba upande wa kusini wa mji, yenye msalaba juu. Wengi wetu wa pwani tulipelekwa pale tukiwa shule ya msingi, tukapigwa picha, tukarudi kwenye basi. Nilikaa pale nikitazama bahari na nikajiuliza swali la kipuuzi: hivi huyu bwana, kabla ya kuja huku, alifanya utafiti wa soko?

Nikaenda kusoma. Si swali la kipuuzi hata kidogo.

Safari ile ya kwanza ina daftari lake. Mmoja wa watu waliokuwa kwenye merikebu (wengi wanasema ni Álvaro Velho) aliandika yaliyotokea karibu siku kwa siku, na daftari hilo limetafsiriwa na kuchapishwa mara nyingi. Mtu akilisoma kwa macho ya mwandishi wa programu, anaona jambo ambalo vitabu vyetu vya shule viliruka. Vitabu vilitufundisha njia: rasi, upepo, Msumbiji, Mombasa, Malindi, Calicut. Daftari linazungumza sana habari ya mizigo, na habari ya mizigo ni ya kuchekesha na kusikitisha pamoja.

Waliondoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497 wakiwa na vyombo vinne na watu wapatao 170. Mfalme Manuel alitaka viungo, na alitaka kupata Wakristo wa mashariki wa kushirikiana nao. Ili kununua viungo lazima uwe na kitu ambacho mwenye viungo anakitaka. Wareno walipakia nini? Vitambaa vya mistari, kofia, marijani, mabeseni ya kunawia, kengele ndogondogo, sukari, mafuta na asali.

Msicheke kwanza. Orodha hiyo haikutoka hewani. Wareno walikuwa wamefanya biashara pwani ya Afrika Magharibi kwa miaka mingi, na mwaka 1482 walijenga ngome ya Elmina, katika nchi tunayoiita leo Ghana. Huko vitambaa vya aina ile na mabeseni vilikuwa bidhaa za kawaida, na vilileta dhahabu. Kwa hiyo mtu aliyepakia merikebu za Vasco da Gama alikuwa na ushahidi. Alikuwa na bidhaa iliyofaulu. Tatizo ni kwamba ilifaulu kwa wateja wengine, kwenye bahari nyingine. Nimeona jambo hili mara ngapi? Mtu anachukua programu iliyopendwa Nairobi, anabadilisha rangi na jina, anaileta Mtwapa, kisha anashangaa. Mimi mwenyewe wazo la bei za masoko nililitoa kwenye makala niliyosoma kuhusu wavuvi wa Kerala, kule India! Huko lilifaa. Sikuuliza nyavu za Kerala ni za nani.

Dalili kwamba mzigo una kasoro waliipata mapema. Mwezi wa Machi 1498 walifika kisiwa cha Msumbiji, wakampa sultani wa pale kofia na marijani na vitu vingine. Daftari linasema alividharau vyote, akaomba kitambaa chekundu cha sufi cha hali ya juu, na wao hawakuwa nacho. Mteja wa bahari hii amekwambia waziwazi kwamba hiki sikitaki, nataka kile. Kwa lugha ya kazi yetu hiyo ni ripoti ya hitilafu iliyoandikwa vizuri kuliko nyingi ninazopokea mimi. Lakini merikebu ziko upande wa pili wa Afrika na shehena ni ile ile. Wakaendelea.

Mombasa mambo yaliharibika kabisa. Wakiwa bandarini, usiku mmoja, Vasco da Gama aliwahoji watu wawili aliokuwa nao chomboni kwa kuwadondoshea mafuta ya moto kwenye ngozi, ili waseme kama kuna njama dhidi yake. Wakasema ipo. Naandika jambo hili si kwa sababu napenda habari za mateso, bali kwa sababu ndiyo njia aliyotumia mara nyingi kupata habari: kumkamata mtu na kumbana. Walipotoka Mombasa kuelekea kaskazini, kwenye pwani yetu hii ya Kilifi, waliona vyombo viwili wakavikimbiza, wakakipata kimoja. Ndani yake mlikuwa na watu kumi na saba pamoja na mzee mmoja na mke wake kijana. Hao mateka ndio waliowaambia kwamba Malindi kuna vyombo vinne vya Wakristo kutoka India.

Havikuwa vya Wakristo. Vilikuwa vya Wahindi wa dini yao wenyewe. Lakini mtu akiwa mateka, na aliyemteka anauliza kwa hamu "Wakristo wako wapi?", atamjibu nini?

Walitia nanga mbele ya Malindi jioni ya tarehe 14 Aprili 1498, na kesho yake ilikuwa Pasaka. Yule mzee wa chombo kilichotekwa alishushwa kwenye fungu la mchanga mbele ya mji, mtumbwi ukaja kumchukua, na kwa mdomo wake mfalme wa Malindi akapata habari za wageni. Yaani mtu aliyewafungulia Wareno mlango wa Malindi ni mzee waliyemkamata siku mbili kabla. Jina lake halikuandikwa.

Hapa sasa nataka tukae kidogo, maana sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike makala hii.

Vasco da Gama alimpelekea mfalme wa Malindi zawadi: joho, shada mbili za marijani, mabeseni matatu, kofia, kengele ndogo, na vitambaa viwili vya mistari. Mfalme akajibu kwa kumpelekea kondoo sita, na pamoja nao karafuu, bizari ya pilau, tangawizi, kungumanga na pilipili manga. Soma tena orodha hiyo. Watu wametoka Ureno, wamekaa baharini miezi tisa kutafuta viungo, na mtu wa Malindi anawapelekea viungo kama sisi tunavyompelekea jirani sahani ya futari. Sampuli za bidhaa zote walizokuwa wakizitafuta zililetwa hadi chomboni, bure. Swali moja tu lilibaki: hivi mnavinunua kwa nini? Mnatoa nini ili kuvipata?

Na wa kumjibu walikuwepo. Vile vyombo vinne kutoka India vilikuwa vimetia nanga palepale. Watu wake walikuwa wamevuka bahari ile kwa biashara, wanajua Calicut inataka nini na Malindi inataka nini. Wareno walikaa Malindi siku tisa. Kulikuwa na ngoma, michezo ya farasi ufukweni, na siwa mbili za pembe za ndovu zikapigwa siku mfalme alipokuja kwa mashua kuwaona. Mfalme akamwomba mgeni wake ashuke mjini akapumzike. Vasco da Gama akakataa, akasema bwana wake hakumruhusu kushuka nchi kavu. Mazungumzo yakafanyika mashua kwa mashua.

Alichotaka kilikuwa kimoja: rubani wa kumvusha. Mtu wa karibu wa mfalme alipokuja chomboni, akamzuia mpaka rubani aletwe. Rubani akaletwa. (Mtaani bado wanasema alikuwa Ahmad ibn Majid, baharia mashuhuri wa Oman. Wanahistoria wengi wamelikataa hilo. Maandishi ya Wareno yanamtaja kama mtu wa Gujarat, na jina walilompa, Malemo Cana, lina ndani yake neno lile lile la malimu, mwalimu wa chombo, ambalo wazee wetu wa majahazi walikuwa nalo.) Tarehe 24 Aprili wakang'oa nanga, na tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut. Chini ya mwezi mmoja. Kwa upande wa njia, kazi safi kabisa.

Yaani aliuliza njia, hakuuliza soko. Alipata jibu sahihi kabisa kwa swali alilouliza.

Kilichotokea Calicut mnaweza kukikisia. Mtu wa kwanza kutumwa pwani alikutana na watu wawili wa Tunis waliokuwa wakijua Kihispania. Nao wakamshangaa, wakamuuliza nini kimewaleta huku mbali. Yaani hata Calicut kulikuwa na watu wanaoijua Ulaya na wanaoweza kuzungumza naye. Kisha ikafika siku ya kuandaa zawadi za Zamorin, mfalme wa mji ule. Vasco da Gama akatandaza alivyokuwa navyo: vitambaa vya mistari kumi na viwili, kofia nne nyekundu za kufunika hadi mabegani, kofia nyingine sita, shada nne za marijani, mabeseni sita ya kunawia ndani ya sanduku, sanduku la sukari, mapipa mawili ya mafuta na mawili ya asali.

Maofisa wa mfalme walipoviona, walicheka. Wakasema mfanyabiashara maskini kuliko wote anayetoka Makka au sehemu nyingine ya India hutoa zaidi ya hivyo, na kama anataka kumpa mfalme zawadi, na iwe dhahabu. Mabeseni hayakupelekwa.

Sokoni nako ni yale yale. Daftari linataja shati zuri ambalo Ureno lingeuzwa reis 300. Calicut lilipata fanamu mbili, sawa na reis 30. Sehemu moja ya kumi! Na mwandishi, ambaye naona alikuwa mtu makini, anaeleza kwa nini: reis 30 ni fedha nyingi katika nchi ile. Kwa hiyo hata bei walikuwa wameipanga kwa mfuko wa mtu wa Lisbon.

Jambo jingine la huko Calicut siwezi kuliacha. Waliingizwa kwenye hekalu la Wahindi wakadhani ni kanisa. Wakasali. Mwandishi anasema picha za watakatifu ukutani zilikuwa na meno yaliyotokeza mdomoni na mikono minne au mitano. Aliyaona yote hayo, akayaandika vizuri, na bado akaliita kanisa. Hawakuondolewa wazo hilo hata waliporudi kwao. Mwenye kutafuta Wakristo huona Wakristo. Nami nilipokuwa nikionyesha programu yangu kwa rafiki zangu wa chuo, wote walisema ni nzuri sana, nikaandika kwenye daftari langu: "watumiaji wameipenda".

Kurudi ndiko kulikowaua. Waliondoka Calicut tarehe 29 Agosti 1498. Mtoto yeyote wa nahodha wa Lamu angewaambia kwamba kutoka India kuja huku unangoja kaskazi, na kaskazi haivumi Agosti. Hawakungoja. Baada ya kusimama njiani, walianza kuvuka bahari kubwa tarehe 5 Oktoba na kuiona Afrika tarehe 2 Januari 1499, karibu miezi mitatu kwa safari waliyokwenda chini ya mwezi mmoja. Watu thelathini walikufa kwa ugonjwa wa fizi, mbali na wengine thelathini waliokwisha kufa kabla, na kila merikebu ilibaki na watu saba au wanane tu wenye nguvu ya kufanya kazi. Tarehe 7 Januari wakafika Malindi tena. Walichoomba safari hii ni machungwa. Mfalme akawapa machungwa, mayai na kondoo, akampelekea mfalme wa Ureno pembe ya ndovu, akaruhusu nguzo isimamishwe. Mbele kidogo ya safari iliwabidi wateketeze merikebu mojawapo, São Rafael, kwa sababu watu wa kuiendesha hawakuwapo.

Sasa mtu atasema: ndugu, unamhukumu kwa ujuzi wa leo, hakuwa na namna ya kujua. Hapana. Hapo ndipo historia inapokuwa tamu.

Miaka kumi kabla ya safari hiyo, mwezi wa Mei 1487, mfalme aliyetangulia, João wa Pili, alimtuma mtu anayeitwa Pêro da Covilhã kwenda kutazama soko lenyewe. Alikuwa anajua Kiarabu. Pamoja na mwenzake Afonso de Paiva walijifanya wafanyabiashara wa asali, wakapita Alexandria na Cairo hadi Aden. Hapo wakaachana, Paiva akaelekea Ethiopia na baadaye akafariki, Covilhã akapanda chombo kwenda India. Alifika Cannanore, Calicut, Goa, kisha Hormuz. Hakwenda kama mgeni rasmi mwenye tarumbeta. Alikwenda kama mfanyabiashara mmoja kati ya wengi, akalala walikolala, akasikia bei wanazotajiana. Aliporudi Cairo, karibu mwaka 1490, alikuta wajumbe wawili wa mfalme wake wakimngoja, mmoja wao José wa Lamego, fundi viatu. Akaandika ripoti, José akaichukua kuipeleka Ureno. Covilhã mwenyewe aliendelea na safari, akaishia Ethiopia, ambako hawakumruhusu kuondoka tena. Alipewa ardhi na mke. Wareno wenzake walimkuta huko mwaka 1520, mzee, na padri Francisco Álvares akaandika simulizi lake. Ndiyo maana tunaijua habari hii.

Ripoti yenyewe haijapatikana mpaka leo. Mfalme João alifariki 1495 na mfalme mwingine akashika kiti. Wanahistoria wanabishana kama barua ilifika au haikufika. Mimi natazama mabeseni. Hata kama ilifika Lisbon ikawekwa kwenye kabati la mfalme, haikumfikia mtu aliyekuwa gatini akipakia masanduku. Aliyekuwa amekaa Calicut na aliyefungasha zawadi za Calicut hawakuwahi kukutana. Nani kati yetu aliyewahi kufanya kazi kwenye kampuni kubwa kidogo hajaliona jambo hili? Utafiti umefanyika, umelipiwa, umechapwa na kujalidiwa. Anayeandika programu yuko ghorofa ya chini na hajausikia.

Upande wetu wa bahari, jambo kama hili lilikuwa limefanywa kwa namna nyingine kabisa. Mwaka 1414 mtawala wa Bengal alimpelekea mfalme wa China, Yongle, twiga. Wachina walishangilia, maana walimfananisha na qilin, mnyama wa hadithi zao ambaye inasemekana huonekana wakati wa mfalme mwema. Twiga akachorwa, akaandikiwa mashairi ya sifa. Mwaka uliofuata, 1415, ujumbe wa Malindi ukafika China. Na zawadi gani? Twiga. Nausoma mfuatano huo kama mtu wa kompyuta: jaribio la kwanza limeleta matokeo, la pili likafuata lile lile. Waliokaa kwenye njia za biashara walijua kitu gani kinamgusa moyo mfalme wa mbali ambaye hawajawahi kumwona. Na fikiria kazi ya kumsafirisha twiga baharini! Mabeseni sita yangekuwa rahisi zaidi.

Wareno, kusema haki, walijifunza. Walipojiweka Sofala mwaka 1505 kutafuta dhahabu ya bara, waligundua kwamba watu wa huko wanataka vitambaa na shanga walizozoea, zile za Cambay, kule Gujarat, wala si vitu vya Ulaya. Ikabidi wazitafute bidhaa za Gujarat ili waweze kuuza Afrika, na Malindi ikawa mojawapo ya mahali pa kuzipatia. Wafanyabiashara wa mji huu walikuwa na habari hizo siku zote. Mreno mwingine, Tomé Pires, aliyeandika akiwa mashariki ya mbali miaka ya 1512 hadi 1515, anawataja watu wa Kilwa, Malindi, Mogadishu na Mombasa miongoni mwa waliofika mpaka Malacca. Malacca! Watu kama hao ndio waliokuwa mjini, mbele ya yule bwana asiyetaka kushuka.

Lakini tusidanganyane kwamba Wareno walishinda kwa kujifunza matakwa ya wateja. Mwaka 1500 Cabral alikuja na msafara ulioondoka Lisbon ukiwa na merikebu kumi na tatu, ugomvi ukazuka Calicut, Wareno wengi wakauawa, naye akaupiga mji kwa mizinga. Mwaka 1505 Kilwa ilitekwa na Mombasa ikachomwa. Baadaye kila chombo katika bahari hii kikatakiwa kununua cheti cha kupita kutoka kwao. Ukiwa na mizinga huhitaji kumuuliza mteja anataka nini. Unamwuzia ruhusa ya kuendelea na biashara yake mwenyewe. Ninaposikia watu wa kampuni zenye fedha nyingi wakisema kwamba wao hawaulizi soko, wao huliumba soko, nakumbuka vile vyeti.

Na Malindi? Jambo hili ndilo lililonikaa rohoni zaidi kuliko mabeseni. Mfalme wa Malindi naye alikuwa akizindua kitu kipya. Alikuwa na uhasama na Mombasa, akaona wageni wenye mizinga, akaamua kuwa rafiki yao. Hakuamua gizani kabisa, kwani Januari 1499 kijana mmoja wa Malindi aliondoka na merikebu kwenda kuiona Ureno, na kwangu mimi huyo ndiye mtafiti wa kwanza wa Malindi tunayemsikia akienda Ulaya. Kwa muda hesabu ilionekana sawa. Mombasa ilichomwa mara kwa mara, na kamanda wa Wareno wa pwani hii aliweka makao yake Malindi. Kisha mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu, na hawakuijenga Malindi. Waliijenga Mombasa, maana bandari yake ni nzuri zaidi, na mtawala wa Malindi akahamishiwa huko. Ukoo wake haukunufaika. Mwaka 1614 sultani Hasan bin Ahmad aligombana na Wareno akakimbilia bara akauawa. Mwanawe Yusuf, aliyelelewa Goa na kubatizwa Jerónimo, aliongoza uasi wa 1631 akaiteka ngome ile ile. Mji wa Malindi wenyewe ulififia ukawa magofu, hadi miaka ya 1860 ulipoanzishwa upya chini ya Sultani Majid wa Zanzibar, kwa mashamba yaliyolimwa na watumwa.

Swali ambalo mfalme yule angeweza kumtuma kijana wake aulize ni moja: wageni hawa wanatafuta rafiki, au wanatafuta bandari? Bahari iliyo mbele ya nguzo ina miamba na maji mafupi. Nilikuwa naiona kwa macho yangu pale nilipokaa.

Jumamosi iliyopita nilirudi kwa wavuvi. Simu niliiacha mfukoni, nikachukua daftari la karatasi. Yule mzee nilimkuta akishona wavu. Nikampa shikamoo, nikaketi, na baada ya muda nikamuuliza deni lake kwa tajiri limebaki kiasi gani. Akanyamaza, akavuta uzi, akasema, "Sijui, mwanangu. Tajiri ana daftari. Mimi sina."

Mkono wangu ulitaka kwenda mfukoni palepale. Nikauzuia. Mpaka sasa nimezungumza na watu wanne, na nataka wafike kumi na watano kabla kusi haijaanza. Wawili wamesema wangependa sana kuwa na hesabu yao wenyewe. Wawili wamesema hawataki daftari lolote, la karatasi wala la simu, kwa sababu siku tajiri akiliona atachukua nyavu zake.